Haipotenusi sio Kiingereza

Nimerudi jamani. Wiki mbili nilikuwa Kagera, lakini sio Bukoba ya senene na kahawa mnayoijua. Nilikuwa kule chini, Biharamulo na Ngara, mpakani kabisa, ambako ukisogea kidogo simu inakukaribisha Rwanda. Mhariri alinituma nikaandike habari ya umeme wa Rusumo. Nimeandika, imetoka, imekatwa nusu kama kawaida yao. Hii ninayoandika hapa haikuwa kwenye kazi niliyotumwa, na hata ningeipeleka isingetoka. Lakini ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa hiyo leo naitoa.

Biharamulo nililala nyumbani kwa ndugu wa rafiki yangu. Baba mwenye nyumba ni fundi ujenzi, na nyumba yenyewe aliijenga kwa mikono yake, bado haijapigwa dari. Jioni nikamkuta binti yake wa kidato cha pili yuko mezani na daftari.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Unasoma nini?"

"Pythagoras. Tuna jaribio Ijumaa."

Nikamwambia haya, nifundishe mimi niliyesahau. Binti akasimama kama yuko mbele ya darasa, akanitiririshia fasili ya haipotenusi kwa Kiingereza, kwa pumzi moja, bila kufungua daftari. Hakukosea hata neno. Kisha akanipa na kanuni yenyewe, mraba wa hiki jumlisha mraba wa kile. Nikapiga makofi. Halafu, kwa uchokozi wetu huu wa uandishi wa habari, nikamwonyesha juu, kwenye kenchi za paa. Pale pana pembetatu tupu. Nikamwambia, haya, nionyeshe haipotenusi iko wapi.

Akatazama juu. Akatazama daftari. Akatazama juu tena. Kimya.

Nikabadilisha. "Pembetatu mraba unaijua?"

"Naijua, tulisoma shule ya msingi."

"Basi nionyeshe upande unaotazamana na ile pembe mraba."

"Si ile mbao ya mteremko? Ile inayobeba mabati." Akainyooshea kidole palepale, hata sekunde moja haikupita. Halafu akashika mdomo. "Kumbe ndiyo hiyo haipotenusi?"

Ndiyo hiyo, mdogo wangu. Ndiyo hiyo unayolala chini yake tangu uzaliwe.

Sasa msije mkasema huyu binti ni mzito. Huyu aliweza kukariri sentensi ndefu ya lugha asiyoielewa, na mwenye kichwa kizito hawezi kazi hiyo. Wala msimrukie mwalimu wake, nitafika kwake. Kwanza nataka tuliangalie hili neno lenyewe, maana hapa ndipo sisi wasomi tunapodanganyana.

Haipotenusi sio Kiingereza. Ni Kigiriki. Sehemu ya mwanzo maana yake ni "chini", na hiyo iliyobaki inatokana na kitenzi cha kuvuta au kutandaza. Yaani mstari uliovutwa chini ya pembe mraba, kama kamba inayotoka ncha hii mpaka ile. Basi. Mgiriki wa kale aliyelisikia hili neno hakuhitaji kukariri kitu, lilijieleza lenyewe. Ni neno la mtu mwenye kamba mkononi. Na kesho yake asubuhi baba wa yule binti alinionyesha kazi hiyohiyo kwenye msingi wa nyumba ya mteja: anapima futi tatu upande huu, futi nne upande ule, halafu anavuta uzi wa kukatiza. Ukikaa futi tano kamili, kona imenyooka. Usipokaa, anasogeza kigingi. Hajawahi kulisikia jina la Pythagoras maishani mwake, na kona zake zimenyooka kuliko za nyumba niliyopanga Sinza.

Endelea. Ile pembetatu yenye pande mbili sawa, ambayo kwa Kiingereza ina jina la kuvunja ulimi, "isosceles". Kigiriki tena: "miguu sawa". Shule ya msingi tunaiita pembetatu pacha, na mtoto wa darasa la nne anaelewa kabla hujamaliza kuchora. "Diameter" ni Kigiriki, kipimo cha kukatiza. Sisi tuna kipenyo, kinachopenya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika haya mawili, lipi linamweleza mtoto zaidi? "Radius" ni Kilatini, ni kile chuma chembamba kinachotoka katikati ya gurudumu kwenda kwenye ringi, na Ngara nzima imejaa baiskeli za mikungu ya ndizi zenye vyuma hivyo kadhaa wa kadhaa. "Trapezium" ni "kameza". Meza ndogo! Mpaka leo ukienda Ugiriki, kwenye milango ya benki utakuta wameandika "trapeza", kwa sababu wabadilisha fedha wa zamani walikaa kwenye meza. Na hapa niwachape kidogo na wazee wetu wa istilahi: walipofika kwenye umbo hili wakaandika trapeza, wakaenda zao. Jamani, neno meza tulikuwa nalo!

Na jometri yenyewe je? Ni "kupima ardhi". Sio zaidi. Herodotus, yule mwanahistoria wa Ugiriki, anasimulia kwamba Misri mfalme aliwagawia watu mashamba na kuwatoza kodi, na mto Nile ukifurika na kumega shamba la mtu, wapimaji walitumwa wakapime kilichobaki ili kodi ipunguzwe. Kwa masimulizi yake, huko ndiko Wagiriki walikoitoa jometri. Sasa fungueni ramani. Maji ya mto Kagera yanaingia Ziwa Viktoria na kutokea kwenye Nile, na wanajiografia wengi wanauhesabu Kagera kuwa ndio mkono wa mbali kabisa wa mto huo. Maji yanayopita chini ya daraja la Rusumo, wilayani Ngara, yanaelekea kwenye mashamba yaleyale ya Herodotus. Halafu mtoto wa Ngara anaambiwa jometri ni elimu ya Waingereza, na lugha yake haitoshi kuibeba.

Nilisimama kwenye hilo daraja. Mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu karibu robo milioni walilivuka kwa takriban saa 24 wakitoka Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari, wakaishia Benaco, hapohapo Ngara. Hata Benaco ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyowahi kujenga barabara huko. Ukiuliza vijana wa pale, wengi wanadhani ni jina la kijiji tangu enzi za mababu. Na Rusumo lenyewe, kwa majirani zetu Wanyarwanda, maana yake ni maporomoko. Kwa hiyo tukisema maporomoko ya Rusumo tunasema maporomoko ya maporomoko. Maneno ndivyo yalivyo, yanasahau yalikotoka, na hakuna ubaya mtu mzima akisahau. Ubaya ni kumfundishia mtoto neno lililokwisha kufa maana, kwa lugha ambayo nayo haijui.

Tuje kwenye umeme, maana huo ndio ulionipeleka.

Pale Rusumo kuna mitambo mitatu, jumla megawati 80, mali ya nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, na mgao ni sawa kwa sawa. Ilianza kutoa umeme mwaka 2023. Upande wetu laini inakwenda mpaka Nyakanazi, Biharamulo, ambako inakutana na gridi. Kwa wilaya zilizoishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, sio jambo dogo.

Nina rafiki yangu mhandisi, tulikuwa wote Mlimani, kila tukibishana habari hii ananitupia swali moja akiamini ameshanimaliza: "Fizikia kwa Kiswahili? Haya, current utaiitaje?" Ndugu yangu, nilitamani ungekuwa na mimi kwenye lile daraja. Ingekutosha kutazama chini. Ule ni MKONDO. Mkondo wa maji unasukuma mtambo, mtambo unatoa mkondo wa umeme. Hata hilo neno lako la Kiingereza linatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kukimbia, na Waingereza walilitumia kwa maji ya mto kabla ya kulitumia kwa umeme. Wamefanya tulichofanya sisi, tena bila kuuliza ruhusa ya mtu.

Na umeme? Kwetu ni ule mwanga wa radi, unaometa. Tukachukua neno la angani tukalipa waya. Wagiriki walianzia kwenye kaharabu, ule utomvu mgumu wa miti ya kale, wa rangi ya asali, unaotengenezewa tasbihi. Ukiisugua kwenye kitambaa inavuta vipande vya majani makavu. Kwa Kigiriki kaharabu ni "elektron". Mwaka 1600 daktari wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, William Gilbert, alipoandika kitabu chake juu ya sumaku, akakiandika kwa Kilatini, akavipachika vitu vyenye tabia hiyo jina la kaharabu. Kwa hiyo neno ambalo dunia nzima inalitetemekea maana yake ni "ukaharabu". Sasa utamu wenyewe: kaharabu ni neno lililomo kwenye kamusi zetu za Kiswahili. Limetoka Uajemi, na kwao ni "mnyang'anyi wa majani makavu". Waarabu wakalichukua, na walipopata umeme wakauita kahraba, na ndugu zetu Waswahili wa Muscat wanalisikia kila siku. Nani aliwaambia Waarabu kwamba lugha yao haiwezi fizikia? Na majirani zetu Wakenya wanaita stima, kutokana na mvuke wa Kiingereza! Umeme wa maji, wa upepo, wa jua, wote stima. Na taa zinawaka.

Betri nayo. Bibi mmoja Ngara aliniomba nikipita dukani nimletee "mawe ya redio". Vijana pale wakacheka. Mimi sikucheka. Neno la Kiingereza linatokana na kupiga, kuchapa. Lilikuwa la mizinga ya vita iliyopangwa safu, mpaka Benjamin Franklin wa Marekani, kwenye miaka ya 1740, alipopanga chupa zake za kuhifadhi chaji safu moja na kuziita hivyo. Bibi anaita mawe, Franklin anaita mizinga. Tofauti yao ni kwamba Franklin aliandika.

Nilipofika Ngara mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya kata, kijana wa umri wangu, aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa. Somo: kanuni ya Ohm. Anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaangalia mlangoni, anaeleza kwa Kiswahili kwa sauti ya chini kama anauza magendo, anarudi kwenye Kiingereza. Mtoto mmoja akainua mkono akauliza swali zuri kuliko yote niliyoyasikia safari nzima: "Mwalimu, kama mkondo kwa Kiingereza unaanza na C, mbona hapo umeandika I?"

Mwalimu akasema, "Ndivyo ilivyo, andikeni."

Baadaye kwenye kivuli cha mwembe akaniambia ukweli: hajui. Na yeye alifundishwa hivyohivyo, aandike. Nikamwambia jibu, maana mimi mwenyewe nililipata ukubwani. Ile I ni ya Kifaransa. Ni Ampère, Mfaransa, aliyezungumzia ukali wa mkondo, na kwa lugha yao neno hilo linaanza na I. Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Sasa hebu itazameni kanuni nzima kwa macho mapya. Volti ni jina la Mtaliano, Alessandro Volta. Ampea ni jina la Mfaransa, André-Marie Ampère. Omu ni jina la Mjerumani, Georg Simon Ohm. Majina hayo vigogo wa umeme waliyapitisha kwenye mkutano wa kimataifa Paris mwaka 1881. Kiingereza kiko wapi hapo? Mtoto anatumia miezi kujifunza kwa Kiingereza majina ya watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa Mwingereza!

Na hata Mwingereza mwenyewe alipohitaji maneno alikwenda kuomba. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, shule alisoma kidogo tu, alianza maisha kama fundi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1834 alikuwa anapitisha umeme kwenye maji yenye chumvi na hana majina ya anachokiona. Akamwandikia barua mwanachuoni wa Cambridge, William Whewell: nisaidie. Wakajibizana, wakapendekezeana maneno, mengine wakayatupa. Ndipo tukapata anodi na kathodi, ambayo kwa Kigiriki ni "njia ya kupanda" na "njia ya kushuka", na ioni, yaani "kinachokwenda". Watu wawili na barua. Hiyo ndiyo kamati iliyozaa maneno yanayowafelisha watoto wetu mpaka leo. Sisi tuna BAKITA tangu 1967. Tuna Chuo Kikuu, ambacho taasisi yake ya Kiswahili ilitoa kamusi nzima ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mkondo umo, ukinzani umo. Nendeni maktaba mkaifute vumbi.

Najua mtakachosema. Mtasema maneno ya Kiswahili ya kisayansi yanachekesha, hayana uhakika, ni ya kubuni. Sawa. Ngoja niwape la mwisho katika haya, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ile "sine" ya trigonometria. Wahindi waliiita upote, uzi wa upinde, kwa sababu ndivyo inavyoonekana ukichora. Waarabu wakalichukua neno la Kihindi kwa sauti tu, wakaliandika bila irabu kama kawaida ya maandishi yao. Karne ya 12 wafasiri wa Ulaya wakalisoma vibaya, wakadhani ni neno la Kiarabu la uwazi wa nguo kifuani, wakatafsiri kwa Kilatini "sinus", mkunjo wa nguo. Kosa la kusoma! Karne tisa sasa dunia inapiga hesabu za madaraja na setilaiti kwa neno lililokosewa, na hakuna daraja lililoanguka kwa sababu hiyo. Halafu sisi tunasubiri istilahi zikamilike kwanza ndipo tuanze.

Hapa ndipo nataka mnielewe vizuri, maana kuna kundi lingine nalo nitaligusa: wale wa kufufua maneno. Wanaodhani tukishabuni jina la Kiswahili la kila kitu kazi imekwisha. Haijaisha. Waingereza wenyewe walijaribu. Robert Recorde, daktari kutoka Wales, mwaka 1551 alitoa kitabu cha jometri kwa Kiingereza, na akabuni maneno ya kikwao. Pembetatu ya pande sawa akaiita kitu kama "sawatatu". Pembe kali akaiita kona kali, pembe butu akaiita kona butu. Tanjenti akaiita mstari wa kugusa. Maneno yake mengi yalikufa. Waingereza wakaishia kuchukua ya Kigiriki na Kilatini kama yalivyo. Recorde mwenyewe alifia gerezani mwaka 1558, mwaka mmoja tu baada ya kutupa ile alama ya "sawasawa" tunayoandika kila siku, mistari miwili sambamba.

Lakini angalieni kilichobaki. Wasomi wa zama zake walikuwa na Kilatini chao, yeye akaandika kwa Kiingereza ili seremala na mpima ardhi wasome. Hilo halikufa. Maneno ya kigeni yalikaa ndani ya sentensi za Kiingereza, yakaelezwa kwa Kiingereza, mpaka yakawa Kiingereza. WALIKOPA JINA, MAELEZO WAKABAKI NA YA KWAO. Sisi tumekopa jina, tumekopa na maelezo, na matokeo yake mtoto ana majina mawili ya kitu asichokijua. Mimi sina ugomvi na haipotenusi. Mwacheni aiite haipotenusi, aiite hata jina la shangazi yake. Ninachodai ni kwamba sentensi inayofuata, ile inayosema haipotenusi ni nini, iwe ya Kiswahili, na mtihani umuulize kwa Kiswahili.

Ni dai jipya? Hata kidogo. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kuanzia 1985. Serikali ikageuka. Mwaka 1984 wataalamu wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima shule zetu wakakuta Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi kabisa kusomea masomo mengine. Dawa iliyotolewa? Kiingereza zaidi, kwa mradi wa fedha za Uingereza. Sera ya elimu ya 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili kwenye ngazi zote, mlango ukabaki wazi, hakuna aliyepita. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa na sifuri, ikaundwa tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Sisemi lugha ndiyo sababu pekee, nimeziona maabara za kule, nimewaona walimu wawili wa hisabati kwa shule nzima. Ila lugha ni sababu ambayo kuirekebisha hakuhitaji saruji.

Na wale mnaosema "bila Kiingereza watoto watabaki kijijini" nawasikia, mimi mwenyewe Kiingereza kinanilisha. Basi kifundishwe! Kifundishwe kama lugha, na mwalimu anayekijua, kwa vitabu vya hadithi na mazungumzo. Darasa la fizikia halijawahi kumfundisha mtu Kiingereza. Yule binti wa Biharamulo alinitiririshia fasili ile barabara, nikamuuliza kwa Kiingereza baba yake yuko wapi, akaniangalia tu. Kakosa fizikia, kakosa na Kiingereza. Na tusisahau kutazama wanaotetea mfumo huu watoto wao wanasoma wapi.

Ng'ambo ya mto, Rwanda, mwaka 2008 serikali iliamua shule zihame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Neno la pembetatu kwa lugha zote mbili linaandikwa herufi kwa herufi sawasawa, linatofautiana matamshi tu. Nilifikiri sana juu ya hilo nikiwa pale darajani, mtoto wa ng'ambo ile na wa ng'ambo hii, lugha zao za nyumbani karibu zinasikilizana, wote wanakariri Kilatini kimoja kwa matamshi ya watu wengine.

Wakati wa kurudi nilipita tena Biharamulo. Binti alikuwa ameshafanya jaribio lake, alipata kumi na moja kwa ishirini. Nikamsimulia habari za miguu sawa, kameza, kamba chini ya pembe, mnyang'anyi wa majani makavu. Akawa anacheka na kuandika nyuma ya daftari, mama yake naye akaacha kuchambua maharage akasogea kusikiliza. Mwishoni akafunga daftari akaniuliza, kwa heshima zote:

"Kaka, sasa mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja nikiandika hivyo, kwa Kiswahili, watanipa maksi?"

Mtihani huo wa kidato cha pili ukifeli unarudia mwaka. Nilimwambia ukweli, hawatakupa. Akafungua tena daftari upande wa mbele, akaanza upya kukariri.